Mguu wa Kulia wa Mpapasa Kinanda

Ibada ya Jumapili ikifika ukingoni katika makanisa ya mabati ya Gudele, mpapasa kinanda huwa na kazi ngumu kuliko wimbo wowote. Kwaya imeketi, ngoma zimenyamaza, mchungaji ameanza kuomba. Kinanda hakitakiwi kunyamaza. Kinatakiwa kitandikwe chini ya sauti ya mchungaji kama mkeka, kisikike bila kusikilizwa. Maombi yakipanda nacho kipande, yakishuka hadi mnong'ono kiwe kimetangulia kushuka. Mikono yote miwili iko kwenye vibonyezo, maana fidla za bandia hukatika papo hapo kidole kikiinuka. Kidude cha voliumu kiko huko juu, kushoto. Mpigaji akikifuata, nusu ya muziki inakufa, na waumini waliofumba macho wanayafumbua.

Dawa iko sakafuni, mbele ya mpiga gitaa: kibao cha chuma chenye urefu wa kandambili. Ukikisukuma kwa vidole sauti inakua, ukikirudisha kwa kisigino inazama. Mtu akikichomoa kibao hicho kwenye gitaa na kukiunga kwenye kinanda, jirani zake hudhani ni ujanja wa watu wasio na vifaa kamili. Kumbe ni mali inayorudi kwao. Vinanda vilikuwa na pedali ya sauti zaidi ya miaka 200 kabla gitaa halijajua umeme, na katika ukoo huo mpiga gitaa ndiye mwazimaji.

Gudele ni mtaa mpana wa magharibi mwa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, ng'ambo ya Munuki, jirani na Jebel Kujur, mlima ambao jina lake kwa Kiarabu cha huko humtaja mganga wa jadi. Kwa umri wa miji, Gudele ni mtoto. Ulitanuka kwa kasi baada ya mkataba wa amani wa Sudan uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, pale watu walioyakimbia makazi yao walipoanza kurudi. Vita vilivyoanza 1983 vilikuwa vimewatawanya watu takriban milioni 4, na Juba ya kale, iliyobanana kandokando ya Mto Nile, haikuwa na nafasi ya kuwapokea wote. Viwanja vikapimwa kwa bloku, na watu wakaelekezana nyumbani kwa namba za bloku.

Waliorudi hawakurudi na mizigo tu. Aliyekulia pembezoni mwa Khartoum alikuja na sikio la Khartoum. Aliyekulia kambini Adjumani au Arua alikuja na nyimbo za walokole wa Uganda. Aliyetoka Kakuma, kambi iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992, alikuja na mapambio ya Kiswahili. Kila njia kati ya hizo tatu ilikuwa na kinanda chake, na kila kinanda kilikuwa kimeshaupoteza mguu wake kwa namna yake. Ili kuelewa walichopoteza, sharti turudi nyuma, hadi London.

Ogani la mabomba lina dosari ya kuzaliwa. Ubonyeze kibonyezo kwa hasira au kwa upole, bomba hutoa sauti ileile, kwa kuwa anayepuliza ni mvukuto, hasikii kidole. Mpigaji angeweza kuongeza mabomba au kuyapunguza, lakini hiyo ni kupanda ngazi, wala si kukua kama sauti ya mwimbaji inavyokua. Mwaka 1712, katika kanisa la St Magnus the Martyr karibu na London Bridge, fundi Abraham Jordan alileta ogani ambalo sehemu ya mabomba yake ilifungiwa ndani ya sanduku lenye kilango. Mpigaji alikifungua na kukifunga kilango hicho kwa mguu. Mabomba yaliendelea kupiga kwa nguvu moja, ila msikilizaji aliisikia sauti ikija kutoka mbali kisha ikarudi mbali. Jordan aliitangaza kazi yake gazetini kama kitu ambacho hakijapata kuonekana.

Miaka ileile huko Florence, Bartolomeo Cristofori alikuwa akilitatua tatizo hilo kwa njia nyingine, kwa nyundo ndogo zinazogonga nyuzi. Hiyo ndiyo piano, na humo nguvu ya sauti ilihamia kwenye kidole. Tangu hapo ala za vibonyezo zimekuwa na mabwana wawili. Piano husikiliza kidole. Ogani husikiliza mguu. Mwanafunzi aliyefunzwa kwenye piano akikalishwa kwenye ogani hudhani ala imekufa ganzi.

Mfaransa Alexandre Debain ndiye aliyeuzidishia mguu madaraka. Mwaka 1842 alisajili Paris hati ya harmoniamu, sanduku la ndimi za shaba zinazolia kwa upepo wa mivukuto miwili inayokanyagwa kwa zamu. Harmoniamu za Kifaransa zilikuwa na kitufe kilichoitwa expression. Ukikivuta, upepo hupita moja kwa moja kutoka mguuni hadi kwenye ndimi bila kutulia kwanza kwenye ghala la hewa, na kila mtetemo wa unyayo husikika katika wimbo. Ni ala katili kwa mwanafunzi: mguu ukisita, wimbo unakohoa. Neno lile la kitufe halikufa. Hadi leo limeandikwa nyuma ya vinanda vya Japani, juu ya tundu la kuchomekea pedali.

Harmoniamu ilikuwa nyepesi kuliko piano na haikuharibika lahani kwa unyevu wala joto. Wamisionari wakaipenda, na mafundi wakaitengenezea miguu ya kukunja ili isafiri. Kolkata nako, Dwarkanath Ghose aliikata miguu kabisa akaifanya ipigwe kwa mkono mmoja huku mwingine ukipiga mvukuto, na harmoniamu hiyo ya Kihindi ndiyo iliyovuka bahari hadi kwenye taarabu ya Mombasa. Msomaji wa pwani aliyewahi kuiona anajua kwamba mkono ule wa nyuma hauongezi hewa tu. Ndio unaoamua neno lipi la mwimbaji liinuliwe.

Kusini mwa Sudan historia ya kanisa na ala ilikwenda kombo. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo chao cha kwanza Malek, karibu na Bor, mwaka 1905, na kwa miaka karibu 60 nyimbo za kanisa zilikuwa tafsiri za nyimbo za Ulaya. Machi 1964 serikali ya Khartoum iliwafukuza wamisionari wote wa kigeni kutoka kusini. Kilichofuata hakikuwa ukimya. Katika vita vya baada ya 1983, Wadinka walitunga nyimbo mpya kwa mamia, kwa lahani zao wenyewe. Anayejulikana zaidi kati ya watunzi hao ni mwanamke, Mary Alueel Garang, na mmisionari msomi Marc Nikkel alitumia miaka mingi kuziandika na kuzieleza nyimbo hizo. Ziliimbwa chini ya miti, kwa ngoma na makofi. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kinanda ndicho mzee wa kanisa Gudele. Mzee ni ngoma. Kinanda ni mgeni aliyekuja baadaye na waya zake, na mara nyingi ngoma hulazimika kumngojea hadi jenereta liwashwe.

Mguu uliingia katika umeme kupitia mtu asiyeweza kupiga muziki. Laurens Hammond wa Chicago alikuwa mhandisi aliyetengeneza saa za ukutani zinazoendeshwa na mota ya umeme. Biashara ya saa ilipoyumba akaitumia mota ileile kuzungusha magurudumu madogo ya chuma, 91 kwa jumla, kila moja likipita mbele ya sumaku na kuzaa sauti yake. Ogani la Hammond liliingia sokoni mwaka 1935 kwa dola 1,250. Henry Ford na George Gershwin walikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo, lakini wateja waliolibeba jina lake ni makanisa yasiyomudu mabomba.

Watengenezaji wa mabomba walikasirika. Mwaka 1936 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki kampuni kwa kudai kwamba mashine yake inalingana na ogani halisi. Shauri lilifika hadi kwenye jaribio la masikio: katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago, lenye ogani la mabomba la dola 75,000, wanamuziki na wanafunzi waliwekwa wasikilize bila kuona ni ala ipi inayopigwa. Walikosea takriban mara moja katika kila tatu. Hammond alinyang'anywa baadhi ya maneno ya matangazo, ila jina la ogani akabaki nalo.

Na ogani hilo, kama babu yake wa mabomba, halikusikiliza kidole hata kidogo. Kibonyezo kilikuwa swichi. Uhai wote wa sauti uliwekwa katika pedali moja pana chini ya mguu wa kulia. Ukimsikiliza Jimmy Smith, aliyelipa Hammond B-3 umaarufu katika jazi miaka ya 1950, unausikia mguu huo bila kuuona: noti moja inashikiliwa kwa muda mrefu mno, inavimba, inatishia kupasuka, kisha inavutwa nyuma. Katika makanisa ya Wamarekani weusi mguu huo ulijifunza kuongea na mhubiri, ukimjibu mwisho wa kila sentensi na kumpisha anapovuta pumzi. Inakadiriwa kwamba kufikia 1966 makanisa 50,000 yalikuwa na Hammond. Kinachotakiwa Gudele wakati wa maombi kilizaliwa huko, kikasafiri kwa kaseti, kisha kwa video, bila kuambatana na pedali yake. Wapapasaji walirithi sauti bila kuuona mguu, kwa sababu kamera humulika mikono.

Gitaa la umeme lilipotokea mwanzoni mwa miaka ya 1930, waliokuwa wa kwanza kutamani mguu wa ogani walikuwa wapigaji wa gitaa la kulaza mapajani, lile la mtindo wa Hawaii. Uzi ukipigwa hulia kwa kishindo kisha hufifia. Mpigaji akiukandamiza mguu wakati wa kupiga na kuuachia taratibu wakati noti inafifia, kishindo hupotea na sauti hudumu kama uta wa fidla. Kampuni ya DeArmond, iliyokuwa Toledo, Ohio, ikawauzia pedali za kazi hiyo, na baadaye wengine wakafuata, akiwemo Ernie Ball wa California. Afrika iliisikia vizuri mwaka 1982, King Sunny Adé wa Nigeria alipoitoa juju yake duniani huku Demola Adepoju akipiga pedal steel, uzao wa gitaa hilo la kulaza, kwa utulivu wa mtu anayeogelea.

Sasa turudi kwenye zile njia tatu za Gudele, tukianzia kaskazini.

Katika Khartoum ala iliyokuwa na pumzi ni akodioni. Okestra za Redio Omdurman, iliyoanza 1940, zilizoea fidla, udi na akodioni, na akodioni ni harmoniamu iliyovaliwa kifuani: mvukuto uko mkononi, na kila mvuto wa mkono ni voliumu. Kisha likaja ogani la umeme, ambalo Waarabu wengi hulifupisha na kuliita org. Cairo ilitangulia: katika miaka ya 1970 Magdi al-Husseini alikwishalifanya kuwa nyota jukwaani pamoja na Abdel Halim Hafez. Maogani ya Kiitaliano ya Farfisa ya zama hizo bado yalikuja na pedali ya sauti. Wengi wa wakimbizi wa kusini, katika makazi kama Mayo na Hajj Yusuf, walikulia ndani ya miaka iliyofuata, pale ambapo kinanda kidogo cha Yamaha kilikuwa kimekwishameza fidla, akodioni na hata ngoma za arusi. Mtu mmoja na org yake akawa okestra. Mtindo huo haujafa: mwaka 2023 muziki wa Jantra, mpapasa kinanda wa sherehe za mashariki mwa Sudan, ulitolewa kwa albamu na lebo ya Ostinato, na wasikilizaji wa Ulaya wakashangaa vidole vyake. Mguu wake haukutajwa sana, na kwa haki. Muziki ule unakimbia mwanzo hadi mwisho kwa ukubwa mmoja wa sauti.

Zanzibar ilipita njia hiyohiyo. Akodioni iliyopewa heshima katika Culture Musical Club ilipishwa na kinanda cha umeme katika taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, ya kina East African Melody na TOT. Wakongwe walilalamika kwamba muziki umekuwa mkavu. Walilaumu mashine kwa ujumla. Ukichunguza, mengi waliyoyakosa yalikuwa pumzi ya mvukuto, kitu ambacho pedali ingerudisha nusu yake kwa bei ya spika moja mbovu.

Njia za kusini na mashariki hazikuwa na urithi wa mvukuto wa kuupoteza. Juba yenyewe ilikuwa na bendi zake, Skylarks na Rejaf Jazz, katika usiku wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 kuleta mapumziko ya vita. Ila hizo ziliishi kwa magitaa, kwa lugha ya rumba ya Kongo na miziki ya Uganda na Kenya. Kinanda kilichopanda lori kutoka Kampala kilikuja kama samani ya kanisa la kilokole, kikiwa kimeshikilia midundo yake yote tumboni.

Ni kinanda cha aina gani? Hapa lawama iende Japani, tena kwa upole, kwa sababu watu hao ndio waliokishusha kinanda hadi mkononi mwa mtu wa kawaida. Casio, kampuni ya vikokotoo, ilitoa Casiotone ya kwanza mwaka 1980. Yamaha ilitoa DX7 mwaka 1983, ikiwa na kibonyezo kinachosikiliza kidole na tundu la pedali ya sauti nyuma yake. Mwaka huohuo watengenezaji wa Japani na Marekani walikubaliana lugha moja ya vinanda, MIDI, na humo mguu ukapewa namba. Namba 7 ni voliumu ya sauti nzima; namba 11 ni ile expression ya Kifaransa. Tofauti yake ni kama paa na ngazi: namba 7 huweka urefu wa paa, namba 11 hupanda na kushuka ndani ya nyumba na haiwezi kulipita paa. Kila moja ina hatua 128, kutoka 0 hadi 127. Kilango cha Abraham Jordan kikawa hesabu.

Lakini tundu la pedali ya sauti lilibaki kwenye vinanda vya bei. Vile vya bei nafuu, vinavyouzwa kwa wingi Afrika Mashariki, mara nyingi vina tundu moja tu la mguu, nalo ni la pedali ya kushikilia noti, ambayo inajua mambo mawili: washa na zima. Chomeka humo pedali ya expression, na kinanda kitaifanya nayo iwe swichi. Wengi wameshawahi kununua pedali ya bei ghali Kampala au Nairobi, wakaibeba hadi Juba, wakagundua hivyo Jumamosi jioni.

Hapo ndipo kibao cha mpiga gitaa kinapopata heshima yake. Hakiombi tundu maalumu. Kinakaa njiani, kati ya kinanda na spika, na kuibana sauti yenyewe badala ya kuiamuru mashine. Tena zile pedali za kawaida, zisizo na saketi ndani, hazitumii umeme wowote. Katika mtaa ambao kwa miaka mingi kila wati ilinunuliwa kwa dizeli, hilo si jambo dogo. Umeme wa gridi ulianza kurudi Juba kwa uhakika kiasi Novemba 2019, mtambo mpya wa dizeli ulipozinduliwa, na hata baada ya hapo sola na jenereta zimebaki. Vinanda vingi vidogo vya Yamaha hukubali volti 12, ile ile ya betri ya gari, kwa hiyo mpapasaji mwenye sola na pedali isiyokula umeme anaweza kumaliza ibada nzima jenereta likiwa limezimika. Spika ndizo zitakazomwangusha.

Ila azima hii ina masharti yake, na mafundi huyajua kwa kuumia.

Sharti la kwanza ni omu. Ndani ya pedali kuna potenshiomita, kidude kinachozungushwa na unyayo. Ile ya gitaa la kawaida, lisilo na betri, huwa ya omu 250,000, kwa sababu sumaku za gitaa ni dhaifu na hazitaki kubebeshwa mzigo. Kinanda kina nguvu zake. Kikiungwa kwenye pedali ya 250,000, sauti bado inapita, lakini pedali ikiwa katikati waya mrefu wa kwenda kwenye miksa hula sauti nyembamba, na kengele zinakuwa kama zimefunikwa blanketi. Ndiyo maana Ernie Ball na wenzake hutengeneza pia pedali ya omu 25,000, kwa magitaa yenye betri, na hiyo ndiyo inayomfaa mpapasaji. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Anayenunua ya mtumba afungue kifuniko cha chini asome namba kwenye potenshiomita, asimsikilize muuzaji.

La pili ni tundu. Vinanda vidogo mara nyingi havina tundu la kutolea sauti zaidi ya lile la hedifoni, na hilo ni la njia mbili, kushoto na kulia. Ukichomeka waya wa gitaa, wenye njia moja, upande wa kulia unagusana na ardhi ya waya na unapotea. Noti zilizotengwa upande huo hupotea nazo. Inatakiwa adapta ya kuziunganisha njia mbili ipasavyo, au pedali ya njia mbili. Mtu akiona kinanda chake kimepungukiwa na piano baada ya kuunga pedali, asimlaumu fundi wa miksa mapema.

La tatu halitibiki kwa waya. Pedali ikikaa baada ya kinanda inabana kila kitu, pamoja na ngoma za ndani ya kinanda. Wakati wa maombi haidhuru, ngoma zimelala. Lakini katika pambio la kasi, mpapasaji akiushusha mguu ili mwimbaji asikike, mdundo nao unashuka, na safu za mbele zinazocheza husita kama gari lililokosa mafuta. Pedali ya expression kwenye kinanda kikubwa hushusha fidla na kuziacha ngoma zikiendelea. Basi kibao cha gitaa kina nyakati zake, na mpapasaji mzuri hukiweka mbele kabisa na kukisahau hadi mahubiri yaishe.

Yuko pia fundi wa miksa, aliyekaa nyuma na vidole vyake juu ya kila sauti ya kanisa. Kabla ya pedali, yeye ndiye aliyeamua kinanda kiwe kikubwa kiasi gani. Baada ya pedali, yeye na mpapasaji hushindana bila kuonana: mmoja anashusha kwa mguu, mwingine anadhani sauti imepotea na anapandisha, kisha mguu unarudi na spika zinapiga yowe. Hammond hakulijua tatizo hili. Ogani lake lilikuwa na spika yake mwenyewe.

Kuna sura ya Gudele ambayo historia ya ala haiwezi kuiruka. Desemba 2013 vita viliporudi ndani ya Juba, mtaa huu uliumia mno. Ripoti ya Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Afrika, iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo na kutolewa Oktoba 2015, imeandika mauaji ya wanaume wa Kinuer waliofungiwa katika jengo moja hapo Gudele. Maelfu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa mjini. Julai 2016 risasi zilirudi tena. Anayekimbia hubeba mtoto na godoro. Spika na kinanda hubaki. Chini ya maturubai ya kambi, nyimbo zilirudi kwa mzee, ngoma.

Waliorejea tena mtaani, ala zao hupita barabara ya Nimule, kilomita 192 hadi mpaka wa Uganda, iliyokamilika kwa lami mwaka 2012 na kuwa barabara kuu ya kwanza ya lami nchini. Sudan Kusini ilitia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2016, na katika mazungumzo ya bei ya vifaa, Kiswahili na Kiarabu cha Juba hupishana kama madereva wa bodaboda. Pedali huwa ndogo kuliko vyote ndani ya boksi. Mara nyingi imekwisha kutumiwa na wengine wawili au watatu, na kama ni ya Ernie Ball, ule uzi unaozungusha potenshiomita ndani yake umeshakatika mara moja na kufungwa upya na fundi fulani njiani.

Inapofika Gudele adui yake ni vumbi. Kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo huingiza unga mwekundu chini ya kuta za mabati, na unga huo huingia kwenye potenshiomita. Pedali huanza kukwaruza. Wakati wa pambio mkwaruzo haumsumbui mtu. Wakati wa maombi, pale kisigino kinaposhuka polepole chini ya mnong'ono, unasikika katika spika zote. Mafundi hupuliza dawa ya kusafishia swichi za redio, wanaikanyaga mara 30 au 40 mfululizo, wanajaribu, wanapuliza tena. Kisha pedali huwekwa juu ya kipande cha ubao ili isikae kwenye udongo, na tangu Jumatatu hadi Jumamosi hufunikwa kwa kitambaa kilekile kinachofunika kinanda.